Kochi Lenye Mwenyewe

Mjukuu wangu tulimpa jina la Kipipi kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa hatembei bila pipi shavuni, utadhani ana jino linalomuuma. Siku hizi anasoma, pipi amepunguza, jina limebaki. Mimi humwita mke mwenzangu. Yeye huniita hivyo hivyo tukigombana.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Aliugua, akalazwa, hakurudi. Baada ya hapo binti yangu na mtoto wake wakahamia kwangu na masanduku yao na kochi moja la kahawia. Binti yangu anashona sare za shule kwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko. Anatoka alfajiri, anarudi na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Kwa hiyo malezi ya mchana yakawa yangu, na sikulalamika, maana nyumba yenye mtoto haikai kimya.

Adabu nilimfundisha kwa mchezo wa mlango. Mimi natoka nje, napiga hodi, naingia nikiwa mtu mwingine. Nikiinama nikajishika kiuno, ni babu wa jirani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikiingia na ndoo kichwani, ni mama anayeuza maji. "Shikamoo, mama." Nikivaa miwani yangu ya kusomea na kubana midomo, ni mwalimu mkuu. Siku moja niliingia nikiwa nimetia kidole mdomoni, nikauliza, "Na mimi nani?" Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe ni mtoto mwenzangu. Nenda kanawe."

Nilimfundisha pia kwamba akiitwa aitike "abee," asiseme "nini?" Akipewa kitu akipokee kwa mikono miwili. Mtu mzima asimpite kimya kama anayepita nguzo ya umeme. Na akishasalimia, angoje mpaka ajibiwe, kwa sababu salamu isiyongojewa jibu ni kelele tu.

Alishika yote, mengine hata kupita kiasi. Siku moja tulipita kwenye duka la nguo, akasimama mbele ya lile sanamu la kuonyeshea magauni, lina wigi na miwani ya jua. "Shikamoo, mama." Akangoja. Akarudia kwa sauti. Kisha akanigeukia. "Bibi, huyu mama ana maringo kweli."

Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini alipoona mtoto bado anangoja, alijifuta macho akasema kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Mwenzangu huyu amepitiwa tu, nakuitikia mimi." Sijamsahau mama yule. Angeweza kumcheka mtoto akaishia hapo.

Basi mtu angekuja kuniambia Kipipi hana adabu, ningemwonyesha mlango. Kumbe mtu alikuwa njiani, na nilikuwa sina la kumjibu.

Yalianza na lile kochi. Springi zake zilikuwa zimechomoza, ukikaa linakuchoma. Binti yangu akalipeleka kwa fundi makochi aliye barabara ya pili kutoka kwetu. Alitaka atoe na kitambaa, aweke kipya, maana kile cha zamani kilikuwa na alama nyeusi pale kichwa kinapoegemea. Yule fundi aligusa ile alama kwa kidole, akauliza, "Hapa alikuwa anaegemea nani?" Binti yangu akamwambia. Fundi akasema, "Basi springi nitabadilisha, na mikanda, na sponji. Kitambaa sikitoi. Siku ukiamua kutoka moyoni, uniletee."

Kochi lilirudi limesimama imara, na alama yake palepale. Binti yangu alilia siku ile. Miezi ikapita, nikaona anapitia barabara ya pili hata akiwa hana cha kutengeneza. Mimi si mtoto, nikanyamaza.

Wakaoana, bila makuu. Fundi alikuwa bado anakaa nyumbani kwa marehemu wazazi wake, nyumba anayoisimamia dada yake mkubwa. Dada huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote, na watu wote humwita Matroni, hata ndugu zake. Mpango ulikuwa binti yangu na Kipipi wahamie huko shule zikifungwa. Kwa wakati ule Fundi alikuwa anakuja kwetu jioni, tunakula wote, anarudi.

Hapo ndipo tatizo lilipokaa, mezani. Kipipi alimsalimia kila mtu chini ya jua isipokuwa Fundi. Akiingia, mtoto anakuwa na kazi ya ghafla jikoni. Akitaka chumvi iliyo mbele yake, ananiambia mimi, "Bibi, mwambie yule anipe chumvi." Fundi anasogeza chumvi kimya. Binti yangu anainamisha uso kwenye sahani. Tulimwambia aite baba. Hakukataa kwa maneno. Alifunga tu mdomo, ukawa kama mfuko ulioshonwa.

Na Fundi, nilikuwa namwangalia. Kila jioni alimsalimia mtoto yeye kwanza. "Hujambo, Kipipi?" Anajibiwa "sijambo" inayosikika kwa shida. Kisha anatafuta pa kukaa, na hata sebule ikijaa vipi, kwenye kochi la kahawia hakai. Hukaa kwenye kigoda.

Matroni alipokuja kutuona mara ya kwanza, Kipipi alikuwa anapita na kapu la nguo. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto akasema, "Wewe, sogea."

Matroni aliweka kikombe chini taratibu.

"Amesema nini?"

"Dada, ana kapu zito," akasema Fundi.

"Sijakuuliza uzito wa kapu. Nimelea wasichana wa watu mpaka nimeota mvi. Mtoto anayemwambia mume wa mama yake 'wewe, sogea' haingii katika nyumba ya mama yangu. Nitakuja tena Jumapili ya kuhamia. Akiwa amefundishwa, karibu sana. Akiwa hajafundishwa, abaki na huyu aliyemfundisha."

Huyo aliyemfundisha ni mimi. Lilinichoma, lakini si ndilo lililoninyima amani. Lililoninyima amani alilisema binti yangu baadaye, akikunja nguo huku amenipa mgongo. "Labda abaki kwako kwa muda, mama."

Kwa muda. Ninalijua neno hilo. Nimeona watoto walioachwa kwa bibi kwa muda, wakaota ndevu hapohapo. Kipipi angekuwa furaha yangu, sidanganyi. Lakini baba alishamkosa, na mimi ni mzee. Sikutaka nimfiche kwenye kanga yangu, mbali na mama yake, halafu nijiite mwenye huruma.

Nikarudia mchezo wa mlango. Nilivaa utepe wa kupimia shingoni, nikatia penseli sikioni kama Fundi, nikapiga hodi.

Kipipi alinitazama, akaketi chini. "Mchezo umeisha, bibi."

"Bado. Mimi nani?"

"Mchezo umeisha."

Siku iliyofuata nilikuwa namsuka. Mtoto anayesukwa, kichwa kipo katikati ya magoti yako, hakuoni uso, na hapo ndipo husema. Sikumuuliza. Nilisuka tu. Nilipofika nyuma ya sikio akaanza mwenyewe.

"Bibi, mtu aliyekufa anasikia?"

"Kwa nini unauliza, mke mwenzangu?"

"Baba alisema atasikia. Pale hospitali. Alisema, 'Ukiniita baba, popote nilipo nitakusikia.'"

"Ndiyo, kama alisema hivyo."

"Sasa nikimwita yule baba, baba si atasikia? Atadhani namwita yeye. Atakuja mbio. Halafu atakuta simwiti yeye, namwita mtu mwingine." Alikuwa anachezea upindo wa kanga yangu. "Atajisikiaje, bibi?"

Kitana kilibaki hewani. Sikutaka kumtungia uongo wa haraka. Nilimkumbatia kichwa na misuko yake nusu, tukakaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Hakuwa mtoto mkaidi hata kidogo. Alikuwa analinda mtu.

Kesho yake nikaenda kwa Fundi. Karakana yake ni banda la mabati lenye mifupa ya makochi mpaka nje, sponji zimeegemezwa ukutani, harufu ya gundi inakupanda puani. Nilimkuta amepiga magoti, kinywa kimejaa misumari midogo. Ndivyo wanavyofanya kazi mafundi hao. Misumari anaishika kwa midomo, anachomoa mmoja mmoja, mkono mwingine una nyundo. Akiwa hivyo humwulizi kitu, labda umwulize cha kujibiwa kwa nyusi. Aliponiona aliitema yote kiganjani, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo."

Nikamweleza yote kama nilivyoyasikia. Alisikiliza akigeuzageuza ile misumari mkononi. Nilipomaliza, aliirudisha kwenye kopo lake.

"Basi asiniite," akasema.

"Na dada yako?"

"Dada nitaongea naye mimi. Akikataa, nitapanga chumba. Mtoto hawezi kuambiwa achague, mama. Amwache baba yake aliko, au aachwe na mama yake? Hapana. Mimi ni mtu mzima, naweza kukaa bila kuitwa."

Nilirudi nyumbani natembea kama kijana. Halikuwa limekwisha, lakini nilikuwa nimejua binti yangu yuko kwa mtu wa namna gani.

Jumapili ikafika. Mabegi yalikuwa yamepangwa ukumbini, la Kipipi likiwa peke yake upande wa pili, maana hatukujua litaelekea wapi. Yeye mwenyewe alilikalia, misuko yake imemalizika, amevaa soksi nyeupe. Mkokoteni wa kubebea mizigo ulikuwa nje.

Matroni aliingia na mkoba wake mikononi kama anayekuja kukagua vitanda.

"Shikamoo, shangazi," akasema Kipipi, amesimama.

"Marahaba." Matroni akamtazama soksi, akamtazama misuko. Nilimwona analainika kidogo. Kisha akamnyoshea Fundi kidole. "Na huyu hapa ni nani yako?"

Mdomo wa mtoto ukajishona.

"Nimekuuliza, mwanangu. Huyu ni nani yako?"

Binti yangu alinishika mkono. Nikafungua mdomo nimweleze Matroni yale niliyoyasikia nikisuka, lakini Fundi akanitangulia.

"Dada, mwache. Ana baba yake. Mimi sina haraka, na kama hataniita maisha yangu yote, chakula chake kitakuwa palepale. Wakihamia, tunahamia wote. Nyumbani kwa mama, au kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kwingine kokote."

Sidhani kama aliwahi kumjibu dada yake hivyo. Matroni alifumba macho, akafumbua, akasema, "Ngoja nikae, maana naona miguu inanitania." Akaelekea kwenye kochi la kahawia.

"Dada, samahani. Usikae hapo. Kaa kwingine."

"Kuna nini hapo?"

"Hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Fundi alimtazama Kipipi, si sisi. "Popote alipo, kochi ni lake. Mimi niliweka springi tu."

Matroni alikitazama kitambaa, akaiona ile alama ya kichwa. Yule mama si mbaya. Alielewa, kwa kuwa amezika pia. Akageuka bila neno, akakaa kwenye kiti changu cha kawaida kando ya meza.

Kiti changu hicho nimekuwa nikisema nitakipeleka kutengenezwa tangu zamani. Mikanda yake ya chini iliachia yote kwa pamoja. Krak! Matroni akazama, magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu, mkoba ukaruka.

Binti yangu aliuma mdomo wake mpaka nikaogopa atautoa damu. Mimi nilikuwa natazama dari.

"Pole, shangazi!" Kipipi alikuwa keshafika. Alimshika Matroni kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote, soksi zikiteleza sakafuni. "Pole sana! Usiogope, hata bibi huwa anadumbukia."

"Mimi?" nikasema. "Mke mwenzangu, hizo ni siri za nyumba."

Hapo Matroni akacheka. Alianza kidogo, kama kikohozi, halafu kicheko kikamshinda, akawa anacheka akiwa bado amekwama, na sote tukaachia. Tulimchomoa. Akaenda kukaa kitandani chumbani kwangu, mlango ukiwa wazi, akijipepea kwa leso.

Fundi hawezi kuona kiti kilichovunjika akakiacha. Alichukua mfuko wake wa zana nje, akakipindua kiti miguu juu katikati ya sebule, akapiga magoti, akajaza misumari kinywani, akaanza. Ta, ta, ta. Kipipi alienda akachuchumaa karibu yake. Aliangalia kiti. Akaangalia kochi la kahawia. Akarudi kuangalia mikono ya Fundi.

Kisha akasimama, akaunganisha mikono mbele ya gauni.

"Shikamoo, Baba Fundi."

Nyundo ilisimama hewani.

Mtoto akangoja. Nilikuwa nimemfundisha mimi kungoja. Fundi alikuwa amegeuza uso kwake, macho yamemtoka, na kinywa kimejaa chuma. Hakuna sauti iliyotoka. Nikaona kidevu cha Kipipi kinaanza kucheza, na nikajua anafikiri nini, kwamba amelitoa lile neno zito na limekataliwa. Nikataka kupiga kelele, nimwambie ni misumari tu, mwanangu, ni misumari.

Fundi aliitema yote chini, si kiganjani. Ikatawanyika sakafuni ikilia kama mchele kwenye sinia.

"Marahaba!" akasema, na sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Nimeiona," akasema Kipipi. Akapumua. "Sikujua kama una mingi hivyo."

Binti yangu alitokea mlango wa nyuma, akaenda kulia uani. Mimi nilimvuta mtoto pembeni nikamnong'oneza, "Na baba je?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyechelewa darasani. "Bibi, baba alikuwa dereva. Akisikia 'Baba Fundi' atajua si yeye anayeitwa. Hatasumbuka kuja. Na kochi lake linatunzwa, ameona."

Nilidhani nimenong'ona, lakini mlango wa chumba ulikuwa wazi. Matroni alikuwa ameacha kujipepea. Alivua miwani, akaisafisha kwa leso, akaivaa, akaivua tena. Alipotoka, sauti yake ilikuwa ya bweni, ila imelegea mishono.

"Sebuleni kwa mama, pembeni ya dirisha, kuna meza ya maua isiyo na kazi. Nitaiondoa. Kochi likae hapo." Akamtazama ndugu yake. "Na usiseme chochote, wewe. Okota misumari kabla mtu hajachomwa."

Wote tuliokota, Matroni pia, tumepiga magoti kama wanaotafuta hereni. Begi la Kipipi likaenda kuungana na ya mama yake. Sikumbuki nani alilibeba. Nakumbuka tu nilipogeuka, ule upande wa pili wa ukumbi ulikuwa mtupu, na kifua changu kilikuwa chepesi kama nimetua ndoo.

Kochi la kahawia ndilo lililopakiwa mwisho, juu ya mkokoteni, na Fundi akalifunga kamba mwenyewe, akiweka gunia pale kamba inapogusa kitambaa. Kipipi alinibusu shavu hili na hili. "Shikamoo, bibi. Nakusalimia ya kesho kabisa, kwa kuwa kesho sitakuwepo asubuhi." Nikaitikia ya kesho. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kiti changu cha mikanda mipya, nikanyoosha miguu. Nililia kidogo, kile kilio cha kukuacha na njaa. Nikapika, nikala nikashiba.

Bado nikifagia naokota msumari mmoja mara kwa mara, chini ya kabati. Ninauweka kwenye kikombe dirishani.

Juzi simu ililia, ni Matroni.

"Mama, wewe umemfundisha mtoto huyu nini?"

Nikaweka ufagio chini. "Amefanyaje?"

"Kila jioni anasimama mbele ya televisheni, anamsalimia msoma habari. 'Shikamoo, mjomba.' Na anangoja! Hatuwezi kusikia habari, hatuwezi kula, mtoto anangoja ajibiwe."

"Sasa mnafanyaje?"

Nilisikia nyundo mahali fulani nyuma yake, na sauti ya Kipipi akimwuliza mtu kitu, na mtu akijibu kwa mguno wa kinywa kilichojaa misumari.

"Sasa tufanyeje," akasema Matroni. "Namwitikia mimi."